Kasoro za Kupanga Kurasa kwa Kompyuta katika Maandiko ya Lugha za Ngara na Biharamulo

Kazi ya kupanga kurasa ilikuwa zamani kazi ya fundi wa chapa, mwenye kuokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kwa mkono. Siku hizi yafanywa na mtu ye yote mwenye kompyuta. Mabadiliko hayo yalianza mwaka 1985 ilipotolewa programu iitwayo PageMaker. Ikafuatwa na QuarkXPress mwaka 1987, kisha InDesign mwaka 1999, na baadaye Scribus, ambayo hutolewa bila malipo. Hata programu za maandishi ya kawaida, kama Word na LibreOffice Writer, aghalabu hutumiwa kupangia vitabu vizima. Kwa hiyo mwalimu wa Ngara aliyekusanya methali za wazee, au katekista wa Biharamulo aliyeandika msamiati wa lugha yake, aweza kukitengeneza kitabu chake mwenyewe hata kikawa tayari kwa kupigwa chapa.

Faida ya jambo hili haina shaka, lakini limekuja na hasara yake. Fundi wa zamani alipokutana na neno asilolijua, aliweza kuuliza. Kompyuta haiulizi. Isipoambiwa maandiko ni ya lugha gani, yaweza kuyatendea kama kwamba ni ya Kiingereza, nayo hufanya hivyo kwa haraka na bila kutoa ishara yo yote. Kasoro nyingi ambazo watu huzidhania kuwa ni ubovu wa mashine, au uzembe wa mpiga chapa, zatokana na chanzo hicho kimoja. Makusudi ya makala haya ni kueleza kasoro hizo moja moja, na kuonyesha kwamba dawa ya nyingi kati yake imo katika ujuzi wa lugha kuliko katika ujuzi wa mitambo.

Lugha zenyewe

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimo katika Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na mito ya Ruvubu na Kagera hukutana huko karibu na Rusumo. Wenyeji wake wengi husema Kihangaza na Kishubi. Katika Biharamulo zasikika Kisubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma.

Kwa mtaalamu wa lugha, nchi hii ni mpaka. Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, aliweka Kihangaza katika kundi la D60 pamoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, lakini Kizinza akakiweka katika kundi la E20 pamoja na Kihaya. Wataalamu wa baadaye waliyaunganisha makundi hayo katika kanda ya J, hata leo Kihangaza chatambulikana kwa alama JD65 na Kizinza kwa JE23. Zaidi ya hayo, wilaya hizi zimezoea kupokea wageni: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Basi ukurasa mmoja unaohusu wilaya hizi waweza kubeba Kiswahili, Kihangaza, Kirundi na Kiingereza pamoja, na kila lugha ina desturi yake ya maandishi.

Kuiambia mashine lugha ya maandiko

Katika programu zote zilizotajwa, kila neno lililoandikwa hubeba alama isiyoonekana ya kutambulisha lugha yake. Alama hiyo ndiyo inayoiongoza mashine katika kukata maneno mwishoni mwa mstari, kukagua tahajia na kuchagua sura ya alama za usemi. Mwandishi asipoiweka, mashine hujiwekea yenyewe, na mara nyingi huchagua Kiingereza.

Kiswahili chapatikana katika orodha ya lugha ya programu nyingi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazosema na mtumiaji kwa Kiswahili, na tangu hapo njia imekuwa nyepesi zaidi. Lakini Kihangaza, Kishubi na Kizinza kwa kawaida hazimo katika orodha hizo, ingawa zina misimbo yake ya kimataifa: han kwa Kihangaza, suj kwa Kishubi, zin kwa Kizinza. Katika LibreOffice msimbo waweza kuandikwa kwa mkono mahali pa kuchagulia lugha. Katika programu isiyoruhusu hivyo, yafaa kuchagua "hakuna lugha". Kuiacha mashine bila kanuni ni heri kuliko kuiacha na kanuni za lugha nyingine.

Hapa pana hadhari moja. Majina Kishubi na Kisubi huchanganywa katika vitabu, na wengine huyahesabu kuwa jina moja lenye matamshi mawili. Orodha ya misimbo huyatenga: suj ni Kishubi, na xsj ni Kisubi. Mhariri aliyepokea maandiko kutoka Biharamulo hana budi kumwuliza mwenye maandiko lugha yake ni ipi, wala asikisie kwa jina tu.

Njia iliyo bora ni kutengeneza mtindo wa maandishi kwa kila lugha. Maneno yote ya Kihangaza yapewe mtindo uitwao "Kihangaza", wenye hati za mlazo na alama ya lugha ndani yake. Kasoro ikigunduliwa baadaye, mtindo husahihishwa mara moja, na kurasa zote hufuata. Mwenye kulaza hati za neno moja moja kwa mkono atalazimika kusahihisha neno moja moja vile vile.

Kukata maneno mwishoni mwa mstari

Kasoro iliyo wazi kuliko zote ni ya kukata maneno. Kila silabi ya Kiswahili chenye asili ya Kibantu huishia kwa irabu, isipokuwa nazali zinazosimama peke yake kama silabi. Nyumba hukatwa nyu-mba. Kanuni za Kiingereza, ambazo hutenga konsonanti mbili zilizofuatana, zaweza kuleta nyum-ba, na badala ya umu-ntu zikaleta umun-tu. Msomaji mzoefu hukwazwa kidogo na kuendelea. Mtoto anayejifunza kusoma hufundishwa silabi ambazo hazimo katika lugha yake.

Mhariri akiichukia kasoro hiyo na kuzuia ukataji wote, kasoro ya pili huzaliwa. Maneno ya lugha hizi ni marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, kirejeshi na mtendwa. Kwa mfano, ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Pambizo za milimita 15 kila upande zikiondolewa, na nafasi ya milimita 5 ikiachwa katikati ya safu mbili, kila safu hubaki na milimita 56.5, ambazo kwa herufi za pointi 10 hutosha herufi 35 hivi. Neno tulivyowasimulia lina herufi 16, yaani karibu nusu ya mstari. Likikosa nafasi hushuka lote, na mashine huyatawanya maneno yaliyobaki ili ijaze pengo. Mapengo ya mistari iliyofuatana yakikutana, huonekana kama mto mweupe unaoteremka katikati ya ukurasa.

Dawa ya haraka ni kutumia safu moja badala ya mbili, au kuuacha upande wa kulia bila kunyooshwa. Dawa ya kudumu ni kuipa mashine kanuni zilizo sahihi. Namna inayotumiwa na programu nyingi ilitungwa na Franklin Liang katika tasnifu yake ya mwaka 1983 huko Stanford: mashine hupewa vipande vya herufi vyenye tarakimu, na tarakimu witiri huonyesha mahali panaporuhusiwa kukatwa, tarakimu shufwa mahali panapokatazwa. Orodha ya kwanza ya Kiingereza, iliyotumiwa katika programu ya TeX, ina vipande 4,447, pamoja na maneno 14 ya pekee. Kiswahili karibu chatoshelezwa na vipande vitano tu: a1, e1, i1, o1, u1, maana yake, mstari waweza kukatwa baada ya irabu yo yote. Kikiongezwa kizuizi cha kutoacha herufi moja peke yake mwanzoni au mwishoni mwa neno, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hubaki maneno kama daftari, labda na maktaba, ambayo kwa kanuni hiyo yangetoa da-ftari na la-bda. Mwenye kupendelea daf-tari na lab-da huyaandika katika orodha ya maneno ya pekee.

Lakini vipande hivyo vitano havifai kuhamishwa vivi hivi kwa lugha za Ngara. Katika Kiswahili irabu mbili zilizofuatana ni silabi mbili. Katika Kirundi, Kinyarwanda na jamaa zake, irabu iliyoandikwa mara mbili na wataalamu ni irabu moja ndefu, nayo imo katika silabi moja. Neno umuryango, likiandikwa kitaalamu umuryaango, lingekatwa umurya-ango, na irabu moja ingegawanywa mistari miwili. Yapasa kuongeza vipande vingine vitano, a2a, e2e, i2i, o2o na u2u, vyenye kukataza jambo hilo. Vipande kumi kwa jumla. Lakini hakuna fundi wa kompyuta awezaye kuvikisia asipoambiwa na mjuzi wa lugha.

Ritifaa na kazi zake tatu

Alama ndogo kuliko zote ndiyo yenye kuleta taabu kubwa. Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi: ng'ombe ni neno moja, na bila alama hiyo sauti yake hubadilika. Katika maandishi ya Kirundi na Kinyarwanda, na ya wale wanaofuata desturi hiyo kwa Kihangaza, ritifaa huonyesha irabu iliyomezwa baina ya maneno mawili: n'umuntu ni na pamoja na umuntu. Na katika ushairi wa Kiswahili huonyesha silabi iliyoachwa mwanzoni mwa neno, kama 'mefika. Sura ni moja, kazi ni tatu.

Mashine hujua kazi ya nne tu, yaani alama ya kufungua na kufunga usemi. Kwa hiyo ritifaa ya 'mefika, kwa kuwa yatanguliwa na nafasi, hugeuzwa kuwa alama ya kufungua, ikapinda upande usio wake. Wachapaji wengine, wakiikosa alama kwenye kibodi, huweka mkwaju wa toni badala yake, na katika kitabu kimoja zikaonekana sura tatu au nne za ng'.

Madhara hayaishii kwenye sura. Katika mpango wa Unicode, ulioanza kutolewa mwaka 1991, ritifaa ya kawaida ni U+0027, ile iliyopinda ni U+2019, na zote mbili huhesabiwa kuwa alama za kituo. Lakini U+02BC, ambayo kwa macho hufanana na U+2019, huhesabiwa kuwa herufi. Programu nyingine za kuhesabu maneno hukata neno penye alama ya kituo. Basi ng'ombe huweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili, ng na ombe, na maneno hayo mazuka yakaingia katika faharasa, na katika hazina za maneno zinazokusanywa kwa uchunguzi wa lugha. Kwa n'umuntu, kinyume chake, kukata penye ritifaa ni sawa.

Yafaa, basi, kutumia U+02BC kwa ng' katika kamusi na kazi za uchunguzi, na U+2019 kwa irabu iliyomezwa na silabi iliyoachwa. Katika vitabu vya kawaida yatosha kutumia U+2019 kwa zote, mradi iwe moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na maana za maneno zitiwe katika alama mbili za usemi badala ya moja, ili ritifaa ya ng' isidhaniwe kuwa ndiyo ya kufunga.

Alama za toni na fonti

Lugha za eneo hili ni za toni. Neno umuryango, katika tahajia ya kawaida ya Kirundi na Kinyarwanda, lina maana ya jamaa, tena lina maana ya mlango. Matamshi ndiyo yanayotenga. Kwa hiyo mtaalamu huandika alama za toni, nazo huwa za kwanza kupotea kitabu kikipangwa. Mahali pake huonekana visanduku vitupu, au herufi ya fonti nyingine yenye unene tofauti na wenzake.

Sababu ni mbili. Kwanza, si fonti zote zenye alama hizo. Herufi á imo karibu katika kila fonti, lakini m yenye toni ya chini juu yake haina nafasi yake katika Unicode. Huundwa kwa m na alama inayofuata, na fonti isiyo na ustadi huiweka alama hiyo kando. Fonti za Charis SIL, Doulos SIL na Gentium, zinazotolewa bila malipo, zimetengenezwa kwa kazi hii. Kabla ya kuchagua fonti, yapasa kuandika mstari mmoja wa majaribio wenye kila herufi na kila alama ya lugha hiyo, kubwa na ndogo, zilizosimama na za mlazo, na kuupiga chapa kwenye karatasi.

Pili, á yaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama herufi moja iliyokamilika, U+00E1, au kama a ikifuatwa na alama U+0301. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine zaweza kuwa vitu viwili. Mwenye kutafuta neno hulikosa, na faharasa huliorodhesha mara mbili. Dawa ni kugeuza maandiko yote yawe katika namna moja, ile iitwayo NFC, kabla ya kuyaingiza katika programu ya kupangia kurasa. Nafasi baina ya mistari nayo iwekwe kwa kipimo maalumu, mathalani pointi 13 kwa herufi za pointi 10, ili mistari yenye toni isisukumane na ile isiyo nayo.

Masahihisho yasiyoombwa

Word na LibreOffice hurekebisha maandishi yenyewe wakati yanapoandikwa. Mtaalamu aorodheshaye mifano kwa (a), (b), (c) hukuta wa tatu umegeuka kuwa ©. Irabu i, ikiandikwa peke yake katika jedwali la sauti, huweza kugeuzwa kuwa I kubwa, hali kadhalika swali "kalamu i wapi?" likawa "kalamu I wapi?". Masahihisho hayo yazimwe kabla ya kuanza kazi, kwa maana kuyatafuta baadaye katika kurasa mia mbili ni kazi ya majuma.

Lugha mbili ubavu kwa ubavu

Msamiati na hadithi hupendeza kuandikwa lugha ya wenyeji kushoto na Kiswahili kulia. Wengi huzinyoosha safu hizo kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Fonti ikibadilishwa, upana wa nafasi hubadilika pia, na maana hushuka ikakaa mbele ya neno la jirani yake. Katika msamiati kosa hilo ni baya kuliko kosa la tahajia, kwa kuwa laleta uwongo ulionyoka vizuri. Jedwali lenye mistari isiyoonekana ndilo linalofaa, kila neno na maana yake katika safu moja ya mlalo.

Kasoro iliyo karibu na hiyo ni ya maneno yanayopotea mwishoni mwa fremu. Maandiko yakizidi nafasi yake, InDesign na Scribus huyaficha na kuonyesha alama ndogo tu pembeni mwa fremu. Kabla ya kumaliza, aya ya mwisho ya kila sura ilinganishwe na aya ya mwisho ya mswada.

Kuipeleka kazi kwa mpiga chapa

Kazi ya Ngara au Biharamulo mara nyingi hupigwa chapa mbali, na kosa likigunduliwa baada ya chapa gharama yake ni kubwa. Mambo manne yakaguliwe. Ukubwa wa karatasi uwe A4 au A5. Programu nyingine huanza na karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18 hivi na pana zaidi kwa milimita 6, na mwisho wa kila ukurasa hubadilika. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake wa mwisho. Picha ya upana wa sentimita 10 yahitaji nukta 1,181. Idadi ya kurasa za kijitabu cha kushonwa kwa pini igawanyike kwa nne. Na faili ipelekwe katika umbo la PDF ikiwa na fonti zake ndani, kwa maana mpiga chapa asiye na fonti hiyo huweka yake, na alama za toni hutoweka tena baada ya taabu yote.

Lugha yenye vitabu elfu yaweza kuvumilia kitabu kimoja kilichoharibika. Lugha yenye vitabu vichache haina akiba hiyo. Kijitabu cha kurasa 48 chaweza kuwa ndicho ushahidi pekee uliochapwa wa neno fulani la Kishubi, na jinsi neno hilo lilivyokatwa, lilivyowekewa alama na lilivyolinganishwa na maana yake, ndivyo litakavyonukuliwa na watakaokuja. Kwa hiyo kazi ya mtaalamu haiishi anapomkabidhi mpangaji mswada wake. Hana budi kumpa pamoja nao karatasi moja yenye mambo matano: jina la lugha na msimbo wake, kanuni ya kukata maneno, aina ya ritifaa, orodha ya herufi zenye alama, na mstari wa majaribio.